Siwezi Kubeba

Mkono wangu wa kulia una kinyongo. Ukiupa kazi ndogo ndogo, kushona kifungo, kuchambua mboga, kumpungia mgeni anayeondoka, hauna neno. Uupe mfuko wa unga au sufuria ya maharage kutoka jikoni, ndipo unapokumbuka yote. Maumivu huanzia kwenye kifundo, yanapanda hadi kwenye kiwiko, kisha vidole vinaachia vyenyewe bila kuniomba ruhusa. Daktari mmoja kijana aliutazama kwenye picha, akaniambia kwa upole kwamba mfupa uliunga vibaya. Nikamwambia hilo nalijua tangu kabla baba yake hajaota ndevu.

Uliumia nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwetu Samia, upande wa Kenya, si mbali na Busia. Bibi alikuwa amejengewa jiko jipya, na mimi na dada yangu tulitumwa tuhamishe jiwe lake la kusagia. Tulipofika katikati ya uwanja siafu akamuuma dada mguuni, naye akaachia upande wake. Jiwe likaja chini na mkono wangu ukiwa chini yake. Mganga wa mifupa alinifunga kwa vijiti na magome, nikakaa hivyo mpaka mahindi yaliyokuwa yanachanua yakavunwa. Alipofungua, watu wote walisema nimepona, na mimi nikasema hivyo hivyo kwa kuwa sikutaka kufungwa tena.

Kwa macho ulikuwa mkono mzima. Ungeupapasa tu ndipo ungekutana na kinundu kidogo chini ya ngozi, kama punje ya hindi. Na kubeba niliweza, maana shingo yangu ilikuwa na nguvu, na mzigo ukishafika kichwani mimi natembea nao hadi popote. Shida ilikuwa kuupandisha. Hapo katikati ya goti na kichwa ndipo mkono uliponitupa. Nyumbani haikuwa tabu, kwa sababu dada yangu hakuniacha hata siku moja ninyanyue maji peke yangu. Alikuwa ananitwika kwanza, halafu anahangaika na debe lake mwenyewe. Hatukuwahi kuzungumza kwa nini.

Mume wangu alitoka Tororo, chini ya vilima vya Osukuru, na alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kinachosaga mawe ya mlima kuwa mbolea. Tulikutana sokoni Busia. Alikuja kununua omena kwangu, dagaa wale ambao kwao wanaitwa mukene, akanunua mara tatu siku moja. Mara ya tatu nikamuuliza kama kwao wanalisha kijiji kizima. Wazee walipoanza kuja nyumbani kuzungumza, mama yangu aliniita nyuma ya nyumba akanishika bega. Aliniambia nisiutaje mkono. Wakijua, alisema, watadhani tumewapa jembe lenye mpini uliopasuka, na watanirudisha, na yeye hatakuwa na uso wa kupita nao kanisani. Nikakubali. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilimpenda yule mnunuzi wa omena kuliko ilivyofaa kukiri.

Basi nilifika Tororo na siri yangu. Ilikuwa mwaka ambao Uganda imeshapandisha bendera yake na sisi wa Kenya tulikuwa bado tunangoja yetu. Mama mkwe wangu, mjane mfupi mwenye sauti nene, alinitania kwa hilo tangu siku ya kwanza. Nikiunguza mboga, alikuwa akisema niachwe, bado niko chini ya Malkia. Aliniita Nyar Samia, yaani binti wa Samia, na mimi nilimwita mama.

Lugha yetu ilikuwa Kiswahili, kwa sababu hatukuwa na nyingine. Mimi sikujua Kidhopadhola na yeye hakujua Kisamia. Kiswahili chake alikiokota sokoni, kilitosha kununua chumvi na kumfokea mwenye mbuzi. Changu kilikuwa kimefika darasa la nne. Mume wangu angeweza kututafsiria, lakini alikuwa akiondoka na baiskeli yake alfajiri na kurudi jioni akiwa mchovu, amejaa vumbi mpaka kope. Kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa wawili, tunavutana blanketi la mtu mmoja.

Katika boma lile mke mgeni ndiye aliyechota maji ya asubuhi, na alichota peke yake, kabla wanawake wengine hawajashuka kisimani. Ilikuwa njia ya kumwonyesha kwamba sasa yeye ni mwenyeji, maji ya nyumba yanamngoja yeye. Kwa mke mwingine yeyote ilikuwa heshima. Mimi ilinikuta kama adhabu, maana kisimani asubuhi ile hakukuwa na mtu wa kumwambia, "Nitwike." Nililijaza debe, nikainama, nikapiga moyo konde na kulivuta. Likifika kifuani mkono unaachia, maji yote miguuni. Baada ya siku tatu za kurudi nyumbani nimelowa kama bata, nikapata akili ya kuchota nusu. Nusu debe niliweza, kwa kung'ata midomo. Nikawa naenda safari nne badala ya mbili, na jioni kifundo kimevimba, nakificha ndani ya kanga.

Watu wana macho. Jirani mmoja alianza kusema Nyar Samia anapenda njia, sijui huko kisimani anaongea na nani. Mama mkwe mwenyewe akaniuliza, si kwa ubaya, "Nyar Samia, maji nakuwa nusu kila siku kwa nini? Debe natoboka?"

Nikasema debe ni zima. Sikulala vizuri siku zile. Niliona wazi mambo yanakoelekea: wataniita mvivu, au wataniita mbaya zaidi, na nitarudishwa Busia na sanduku langu la bati. Na nilikuwa nimeanza kulipenda boma lile. Nikaona heri nirudishwe kwa ukweli kuliko kwa uongo wa jirani.

Siku yenyewe tulikuwa jikoni tunamenya muhogo. Mkono ulikuwa unawaka tangu asubuhi, nimeulaza mapajani na kuufunika kwa ule wa kushoto. Nikasema harakaharaka kabla sijabadili nia.

"Mama, kuna neno nataka kukwambia. Mimi siwezi kubeba."

Kisu chake kikasimama ndani ya muhogo. "Nasema nini?"

"Siwezi kubeba. Niliangukiwa na jiwe nikiwa msichana mdogo. Tangu siku hiyo siwezi."

"Jiwe naangukia wewe hapa?" Akaonyesha kwa kisu pale mapajani, mikono yangu ilipokuwa.

"Hapo hapo."

"Na dawa?"

"Mganga alijaribu, lakini haikurudi sawa."

"Nani najua hii maneno?"

"Mama yangu na dada yangu. Mama alinikataza nisimwambie mtu."

"Mutoto yangu?"

"Hajui. Naogopa atanirudisha."

Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye nguo yake, akanishika shavu kwa kiganja chenye unga wa muhogo. "Usiambia yeye. Usiambia mutu. Hii maneno nabaki hapa kwa jiko. Nasikia?"

Nikasema nasikia. Nikalia, na yeye akalia, tukamaliza muhogo.

Sasa nieleze kosa lilikokuwa, maana wakati ule sikulijua. Kwetu mwanamke mwenye mimba tulisema ana mimba, kavu kavu. Kwa kina mama wa upande ule, walipozungumza Kiswahili cha sokoni, neno mimba lilikuwa zito mdomoni, hasa wanaume wakiwa karibu. Walisema tu fulani amebeba, fulani bado hajabeba, na kila mtu akaelewa. Mimi nilimwambia habari za debe. Yeye alisikia habari za tumbo. Alisikia kwamba mwanawe wa pekee ameoa mwanamke asiyeweza kuzaa, na kwamba mwanamke huyo amekuja kumwambia yeye, mama mkwe, mwezi wa pili tu wa ndoa.

Mimi nililala usingizi wa mtoto. Kesho yake akaniletea kikombe cha dawa ya mizizi, chungu hata nikaona nyota mchana. Nikanywa bila swali. Nikawa nakunywa kila asubuhi. Wiki iliyofuata akaja na bibi mmoja mkandaji kutoka ng'ambo ya kilima, wakanilaza juu ya mkeka na kunikanda tumbo kwa mafuta ya simsim. Nililala pale natazama nyasi za paa nikiwaza kwamba kweli kila watu na utabibu wao, hawa wa Tororo wanatibu mkono kupitia tumboni. Nilitaka kuuliza, lakini nikaogopa kuonekana sina shukrani.

Habari ya nusu debe hakuigusa tena. Nikafikiri ameelewa. Kitu kimoja tu kilinisumbua: mbona basi haji kunitwika? Siku ambazo mkono ulikuwa mbaya nilinuna, kwa sababu mimi ni mtu wa kununa, hilo hata wajukuu wangu watakwambia. Nilijiambia anapika madawa na kunikandisha, lakini kutembea hadi kisimani hataki. Halafu nikirudi nakuta ameniwekea uji wa wimbi umefunikwa kwa sahani, na kinyongo chote kinayeyuka.

Maana alinipenda, na alinipenda waziwazi. Kenya ilipopandisha bendera yake alinichinjia kuku, akasema sasa tumelingana, tusidharauliane. Alinifundisha lugha yake neno kwa neno tukipalilia. Nikiwa na homa alilala sakafuni karibu na mkeka wangu. Wanawake wakimuuliza baada ya ibada kama bado hatujapata habari njema, alikuwa akiwajibu kwamba mwanawe anafanya zamu ya usiku. Nilimsikia akisema hivyo mara mbili, na nikashangaa, kwa sababu mume wangu hakuwahi kufanya zamu ya usiku hata siku moja. Nikadhani ni Kidhopadhola changu ndicho kibovu.

Mwaka ulizunguka. Wimbi likavunwa, na shangazi akaja. Huyu alikuwa dada ya marehemu baba mkwe, mwanamke mrefu asiyekaa kwenye mkeka mpaka upanguswe mara mbili, na katika boma lile neno lake lilikuwa na uzito kuliko la mume wangu. Akafika asubuhi, mume wangu yuko kazini. Mimi nikatoka kisimani na nusu debe langu, nikalishusha kichwani nipate kulitua karibu na mlango wa jiko. Walikuwa wamekaa uwanjani, mama mkwe anapepeta. Shangazi alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, kisha akaanza kusema kwa Kidhopadhola, bila kupunguza sauti. Hakujua ni kiasi gani nimejifunza.

Alisema kuna msichana ameonekana upande wa Malaba, mwenye nguvu, wa watu wema. Alisema mwaka umepita na tumbo la huyu ni kama kifuniko cha chungu, na hata maji analeta nusu. Boma la kaka yake halitafutika kwa sababu ya mwanamke wa ng'ambo ya mpaka. Yeye amekuja ili nirudishwe kwetu vizuri, bila kelele, kabla ya mvua.

Nilisimama na debe mikononi. Neno nililoliogopa tangu siku ya kwanza lilikuwa limetamkwa.

Mama mkwe aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi. Kisha akasema, "Habebi. Najua. Aliniambia mwenyewe. Jiwe lilimwangukia tumboni akiwa mtoto."

"Ulijua?" Shangazi akasimama. "Ulijua ukanyamaza?"

"Nimenyamaza mwaka mzima na nitanyamaza mwingine. Mwanangu akitaka mke mwingine, akamjengee mahali pengine. Huyu hapa hatoki."

"Na nani atakuzika?"

"Atanizika yeye," mama mkwe akasema, akanionyesha kwa kidevu. "Alikuja hajui lugha yangu, akaniambia neno ambalo mama yake alimkataza asimwambie mtu. Mimi nimrudishe njiani na neno lile? Wewe ungemrudisha?"

Ndipo yote yakanijia kwa pamoja: mizizi, mafuta ya simsim, zamu ya usiku. Nitasema kweli, kitu cha kwanza nilichohisi ni hasira. Mwaka mzima wa dawa chungu kwa ajili ya tumbo lisilo na ugonjwa. Hasira ile haikudumu hata nukta. Nyuma yake kilikuja kitu kingine, kikubwa zaidi. Mwanamke huyu alikuwa ameniona sina nilichokuja kuleta, akanikalisha hivyo hivyo, akaniwekea uji.

Vidole vikaachia. Debe likaanguka na maji yakaenda mpaka kwenye mkeka wa shangazi.

"Mama," nikasema kwa Kiswahili, kwa sababu lugha yake ilinipotea yote. "Ni mkono." Nikamnyooshea. "Jiwe liliangukia hapa. Tumbo halina neno. Siwezi kubeba debe."

Aliutazama mkono, akanitazama mimi. Akaushika, akaupapasa polepole kwa kidole gumba mpaka akakutana na kile kinundu, akakibonyeza, nikaruka.

"Debe," akasema.

"Debe, mama."

"Kubeba debe."

"Ndiyo."

Akakaa chini pale pale kwenye maji. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikampanda hadi mabegani, akawa anapiga goti kwa ungo. "Mimi nanywesha wewe miti yote ya Osukuru," akasema alipopata pumzi. "Yote. Nabaki majani ya ng'ombe peke yake." Nikacheka na mimi mpaka mbavu zikaniuma, nikakaa majini karibu naye. Kisha nikaona bado ameushika mkono na kicheko kimemwisha usoni.

"Na asubuhi yote ile," akasema. "Wewe nabeba peke yako. Na mukono hii."

"Nilidhani unajua."

"Mimi najua nini? Mimi najua tumbo." Machozi yalikuwa yanamshuka, hakuyafuta. "Pole, mwanangu. Pole sana."

Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya hapo. Mume wangu ndiye alikuwa mtoto wake, mimi nilikuwa Nyar Samia. Nikaegemeza kichwa begani kwake kama nilivyokuwa nikimfanyia mama yangu.

Shangazi alikuwa amesimama juu yetu, nguo ameinua isilowe. Kiswahili hakukijua vizuri, na vicheko na vilio vile vilikuwa vimempita pembeni. Akauliza kwa lugha yake, kwa hasira, "Kwa hiyo anazaa au hazai?"

"Sijui," mama mkwe akasema.

"Si umuulize, yupo hapo."

"Simuulizi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilishakubali jibu la kwanza."

Shangazi alikula chakula cha mchana kwetu, akaondoka bila kutaja tena msichana wa Malaba. Jioni mume wangu aliambiwa yote, na yeye alichoniuliza tu ni kwa nini sikumwambia tangu Busia, kisha akaenda nje akakaa muda mrefu peke yake akipangusa baiskeli ambayo haikuwa chafu.

Asubuhi iliyofuata nilipofungua mlango nilimkuta mama mkwe amesimama uwanjani, ana debe lake na ngata mbili za majani ya mgomba za kuwekea mzigo kichwani. Nikamwambia si desturi. Akaniambia nifunge mdomo nitembee. Kisimani alijaza debe langu mwenyewe, akanizunguka akaja kusimama upande wa kulia, akashika mahali ambapo mkono wangu ungeshika. Tukainama pamoja, tukalipandisha. Lilikuwa limejaa hadi mdomo, na maji yalinimwagikia usoni njia nzima mpaka nyumbani.